UZI: Wahindi hawabebani kama mnavyodhani, wanapiga hesabu ya kubaki kabla ya hesabu ya kuondoka

Pilipili_ya_Pune
Wakuu kwema humu? Juzi kwenye uzi mwingine kuna mtu kasema Wahindi wamejaa Marekani na Canada kwa sababu wanabebana tu, nikaanza kumjibu kule nikaona jibu linakuwa refu kuliko uzi wenyewe, basi nimekuja kufungua wangu.

Nilisoma Pune 2009 mpaka 2013. Hosteli chumba kimoja tulikuwa watatu, mimi, Mnigeria mmoja, na jamaa wa Guntur kule Andhra ambae humu nitamwita Guntur tu, maana mama yake alikuwa anamtumia pilipili ya unga ya kwao kwenye kopo la Horlicks na ilitufanya wote tulie. Sisi Waafrika mle hosteli usiku stori zetu zilikuwa viza, nani kapata, ubalozi gani mgumu, viza viza viza. Guntur hakuwa na stori hiyo. Nyuma ya daftari lake la hesabu alikuwa kachora mishale, mtihani wa GRE wa kuombea mastazi, mastazi Texas miaka 2, kibali cha kufanya kazi baada ya chuo (OPT), viza ya kazi ya H-1B, halafu grini kadi (makazi ya kudumu), na chini ya kila mshale kaandika mwaka na pesa. Mwaka wa pili wa chuo huyo! Mimi hata supu ya kesho nilikuwa sijui nalipia na nini.

Hiyo ndo tofauti niliyoiona. Sisi tunauliza naingiaje. Mwenzetu anauliza nikishaingia nabakije, na kama jibu la swali la pili ni baya basi la kwanza hata haligusi.

Pesa yenyewe ilikuwa mkopo wa benki wa laki 20 za rupia, na nyumba ya baba ndo dhamana. (Hii laki yetu tuliichukua kwao, ila wao ndo wanaihesabia madeni kweli kweli.) Kwa hiyo msione mtu kapanda ndege mkadhani kwao matajiri, pale ukoo mzima umeweka rehani paa la nyumba.

Kabla ya intavyuu ya ubalozi tulienda Hyderabad, nje ya mji kule Chilkur kuna hekalu linaitwa la Visa Balaji, sikutanii. Unazunguka mara 11 unaomba, ukipewa viza unarudi kuzunguka mara 108 kushukuru. Safari ya pili nilikaa kivulini namwangalia kabeba kikaratasi chenye vyumba 108 na kalamu, kila mzunguko anatia alama asije akapunja Mungu, jua la Aprili lile, na pembeni yake kuna mamia wengine na vikaratasi vyao.

Nitaendelea, bando inaisha.

Kiroboto
Mkuu hizo ni ngonjera, Wahindi wakiwa mameneja wanaajiri Wahindi wenzao. Mwisho wa stori.

fundi_simu
Nimekaa mkao wa kula hapa

Pilipili_ya_Pune
@Kiroboto hilo lipo sikatai, ila meneja hagawi grini kadi mkuu. Ngoja nikueleze ya Marekani halafu uniambie nani kabebwa.

H-1B kwa mwaka ni nafasi 65,000 na nyingine 20,000 za waliosoma mastazi hukohuko, waombaji ni wengi mara kibao kwa hiyo inachezwa bahati nasibu mwezi wa tatu, ukipata unaanza kazi Oktoba mosi. Wahindi wanachukua sehemu kubwa kuliko taifa lolote. Umepata, una miaka 3, unaongeza 3, jumla 6. Kufikia hapo mtu anaona Wahindi wametawala.

Sasa kinakuja kisanga. Grini kadi za kazi ni kama 140,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na humo ndani kuna wake na watoto pia, sio wafanyakazi peke yao. Halafu sheria inasema nchi moja isizidi asilimia 7. India yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 ina dari lilelile la Malawi! Ndo maana foleni yao imekuwa kama foleni ya kivuko cha Kigamboni enzi zile daraja hakuna. Kila mwezi serikali inatoa tangazo la tarehe zilizofikiwa, wenyewe wanalisubiri kama matokeo ya kidato cha nne. Mwaka 2025 kundi la EB-2 (la wenye mastazi na kuendelea) la India lilikuwa linachezea mwanzoni mwa 2013, yaani anaehudumiwa leo ni yule aliyepanga mstari Obama akiwa Ikulu. Na tarehe hizo huwa zinarudi nyuma! Septemba 2022 ilikuwa Desemba 2014, Oktoba ilipofika ikarudi Aprili 2012. Mtu alishaanza kununua suti ya sherehe.

Wakati huo mtu anaishi. Kibali anaruhusiwa kukiongeza hata baada ya ile miaka 6 kama ombi la mwajiri la kumwombea grini kadi lilishapita, lakini akifukuzwa kazi ana siku 60 za kupata mwajiri mwingine au abadilishe hadhi au aondoke, na nyumba kanunua kwa mkopo. Mtoto aliyekuja na miaka 4 akifikisha 21 anatolewa kwenye faili la baba. Kakulia pale, lafudhi ya pale, halafu anaambiwa tafuta viza ya mwanafunzi kama mgeni alieshuka jana.

Hapo nani kabebwa @Kiroboto?

MtotoWaUpanga
Mimi ni Muhindi wa Upanga, babu alitoka Kutch kule Gujarat na jahazi. Uzi umenigusa kwa sababu kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba hiyo foleni haiangalii uraia wala rangi, inaangalia ULIZALIWA NCHI GANI. Nilikuwa kampuni moja New Jersey, meza yangu na ya jamaa wa Ahmedabad zinatazamana, tunaongea Kigujarati siku nzima, chakula tunabadilishana, cheo kilekile, mwanasheria wa kampuni yuleyule. Yeye aliwasilishiwa maombi miezi kama 8 kabla yangu. Mimi kwenye fomu pale mahali pa kuzaliwa nimeandika Dar es Salaam, Tanzania. Nilimaliza kila kitu kama miaka 2, hiyo ni 2016 hadi 2018. Yeye mpaka naandika hapa yupo kwenye foleni na mwanae yupo darasa la 10.

Siku kadi yangu ilipofika sikuweza kuifungua pale ofisini. Niliiweka kwenye begi mpaka nyumbani. Tumekula pamoja mchana na sikumwambia, alikuja kujua baada ya wiki kwa mtu mwingine, akacheka akasema babu yako alipanda boti sahihi.

Kiroboto
Daah. Hii ya kuzaliwa sikuijua aisee.

fundi_simu
Kwa hiyo mimi mzaliwa wa Namtumbo namshinda Muhindi mwenye mastazi mbili??

MtotoWaUpanga
@fundi_simu kwenye mstari ndio, ila kwanza uwe na mwajiri wa kukuombea ndugu yangu, mstari haupangwi na mtu mwenye begi tu. Hata ile bahati nasibu ya DV waliozaliwa India hawachezi, nchi ikishatoa wahamiaji zaidi ya 50,000 kwa miaka mitano inaondolewa. Sisi miaka yote tulikuwa tunaijazia intaneti kafe pale mtaani kwa buku mbili na picha imekatwa sikio.

Njoro_Brampton
Niaje wasee. Niko Canada hapa Brampton tangu 2018, nikaishi besimenti moja na vijana watano wa Punjab, venye nawajua hao watu sijui kama mamangu ananijua hivyo. Vitanda vitatu watu sita, juu wengine wako shifti ya usiku. Kwa mlango wa friji kulikuwa na karatasi mbili, moja ya zamu ya kupika roti, ingine ya pointi za Express Entry, ile system ya Canada ya kuchagua wahamiaji kwa pointi. Serious. Kila mtu jina lake na pointi zake, umri, Kiingereza, masomo, kazi, na nani anafikisha birthday ya 30 lini, juu ukipita 29 pointi za umri zinaanza kushuka kila mwaka hadi 45 unabaki na sifuri. Birthday kwetu pale ilikuwa matanga.

Canada haina hiyo mambo ya asilimia 7, ndio maana hata wale wamechoka na foleni ya Marekani wanahamia huku. Hapa unashindana na pointi sio na kijiji chenu. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ukipata 8 kusikiliza na 7 kwa zingine tatu unaruka juu sana, hao boys walikuwa wanarudia huo mtihani kama leseni ya kuendesha.

Sasa mmoja wao, wa kutoka Jalandhar, pointi zake zilikuwa 420 na kitu, haziendi popote. Alikuwa amesoma diploma ya miaka 2, akapata kibali cha kazi cha miaka 3, akawa supavaiza kwa duka ya vyakula, mwaka moja unusu. Kibali kinaenda kuisha. Februari 13 2021, ilikuwa Jumamosi, theluji imefunga mlango, Canada ikatoa droo ya kualika watu 27,332 kwa mpigo waombe makazi ya kudumu, pointi za chini SABINI NA TANO. Covid ilikuwa imefunga mipaka kwa hivyo wakaamua kuchukua wenye wako ndani tayari. Alifikiri ni memes za WhatsApp. Akafungua akaunti mara tatu, akakaa chini kwa ngazi ya besimenti na chappal zake, akapigia mamake simu na hakuongea kitu, alikuwa analia tu na mama anauliza umefukuzwa? umefukuzwa?

Lakini msidanganywe hiyo ilikuwa mara moja. 2025 ukiwa na 510 hukuwa unapita kwa droo za wenye wamefanya kazi hapa.

BiMkubwa_Muscat
Assalaam aleikum wanangu. Mie ni muuguzi hapa Muscat mwaka wa kumi na moja sasa, kwetu Unguja, na zamu zangu zote nafanya na Wamalayali wa Kerala, India. Niongeze hapo alipoanzia kijana wa Pune.

Huku Ghuba hawaji kubaki, wanajua. Mtu kakaa miaka ishirini na tano, kazeekea hapa hapa, mkataba ukiisha anafunga mabegi. Kwa hiyo wao Ghuba wanaifanya daraja. Anakuja anachukua uzoefu wa miaka miwili mitatu, usiku anasoma. Zamani ilikuwa mtihani wa Kiingereza wa OET aende Uingereza au Ireland, skuizi kantini yetu imekuwa skuli ya Kijerumani wallahi, saa tisa za usiku unawasikia der die das na vikombe vya chai mkononi. Ujerumani tangu mwisho wa 2021 ina mpango na serikali ya Kerala yenyewe wa kuchukua wauguzi, mtu hatoi pesa kwa wakala, lugha analipiwa. Ukifika unatakiwa ufikishe Kijerumani cha kiwango cha B2 diploma yako itambuliwe.

Na kitu kimoja nimekiona, hawaulizi kwanza mshahara. Swali la kwanza ni mume ataingia lini na makazi ya kudumu baada ya miaka mingapi. Mmoja aliniambia Dada, Uingereza miaka mitano na wanataka kuifanya kumi, Ujerumani kwa fundi aliyesomea kazi yake ni mitatu, mimi naenda mitatu. Kamaliza. Mie nilipokuja huku nilimuuliza wakala wangu kitu kimoja tu, chumba cha kulala kina eisii?

Pilipili_ya_Pune
Shikamoo Bi Mkubwa. Umenichekesha na eisii ila ndo uzi wenyewe huo.

Nyongeza ya Ujerumani kwa wanafunzi. Wahindi sasa ndo wengi kuliko Wachina kwenye vyuo vyao. Vyuo vya serikali vingi havina ada (Baden-Württemberg wanatoza euro 1,500 kwa semista wasio wa Ulaya), ila lazima uonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, unatoa 992 kwa mwezi. Muhindi kaongezewa na kikwazo cha cheti cha APS cha kuhakiki vyeti vyake tangu mwisho wa 2022, sisi hatudaiwi hicho. Ukimaliza ukapata kazi ya Blue Card (kibali cha kazi cha wasomi), makazi ya kudumu ni miezi 21 kama Kijerumani chako ni B1, 27 kama ni A1. Yaani lugha inakununulia miezi 6 ya maisha. Na Oktoba 2024 Ujerumani wenyewe walitangaza kupandisha viza za mafundi wa India kutoka 20,000 hadi 90,000 kwa mwaka.

Bukavu_kwetu
Bandugu jambo yenu. Ile ya Canada, mbona hamusemi Kifaransa? Binamu yangu alipita kwa droo ya Kifaransa, pointi zake zilikuwa kidogo sana. Machi 2025 walichukua watu 7,500 na pointi 379 tu. Sasa aniambia kwa darasa ya matayarisho ya mtihani wa Kifaransa wa TEF alikuta Wahindi wamejaa, injinia wazima wanasoma je suis, tu es. Sisi tuko na hiyo lugha tangu shule ya msingi na tunaikalia.

Njoro_Brampton
@Bukavu_kwetu wewe uko na dhahabu kwa mdomo na unatuambia jambo yenu. Apply!

Kiroboto
Sawa nakubali hesabu zao. Lakini na wao wanapigwa pia, au huko hakuna matapeli?

Pilipili_ya_Pune
Wanapigwa kuliko sisi mkuu, ukubwa wa hamu ndo ukubwa wa biashara. Nilienda Punjab Desemba moja nyumbani kwa mshikaji wa darasani, vijijini kule juu ya mapaa kuna matangi ya maji yamejengwa umbo la ndege, na mkia na madirisha yake! Kuna gurdwara (hekalu la Masingasinga) pale Talhan karibu na Jalandhar watu wanatoa sadaka midoli ya ndege ili waende nje. Mjini kila ukuta bango la shule ya IELTS. Mpaka ndoa zikaingia humo, binti mwenye alama nzuri za IELTS anaposwa na familia ya kijana aliyeshindwa mtihani, upande wa kijana unalipa ada ya chuo Canada, binti anatangulia kama mwanafunzi, kijana anafuata kama mume. Wengine mabinti walifika wakazima simu. Tangu 2024 Canada imebana, mwenza anapata kibali cha kazi hasa kama unasoma mastazi na kupanda, na si kila mastazi, kwa hiyo soko hilo limedorora.

2023 wanafunzi kadhaa wa Kipunjabi walikuta wanatakiwa kufukuzwa Canada kwa sababu barua za chuo walizokuja nazo miaka ya nyuma zilikuwa feki, wakala aliwapa, wao wamesoma chuo kingine wamemaliza wanafanya kazi, wanakuja kushtukia siku wanaomba makazi ya kudumu. Hapo ndo ujue uongo wa kuingia unakusubiri mlango wa kubaki.

Na wale wasio na vyeti wanapita njia ya panya wanaiita donkey, nchi saba nane, msitu wa Darién kati ya Colombia na Panama. Januari 2022 familia ya watu wanne kutoka Dingucha, Gujarat, iliganda kwa baridi mpakani Canada na Marekani, watoto wawili wakiwemo. Februari 2025 ndege ya jeshi la Marekani ilitua Amritsar na watu 104 waliokuwa wamefungwa pingu njiani. Kuna familia pale ziliuza shamba.

fundi_simu
Mimi narudi Namtumbo

MtotoWaUpanga
Msisahau Septemba 2025, Trump aliweka dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Group letu la WhatsApp usiku ule lilikuwa msiba, watu wapo harusini India wanakimbilia eapoti wakidhani wakichelewa hawaingii. Baadae ikafafanuliwa haiwagusi wenye viza tayari, na mwanafunzi aliyepo ndani akibadilishiwa hadhi halipi. Kwa hiyo njia ya kupitia chuo imezidi thamani, kampuni gani itatoa laki ya dola kumtoa mtu Bangalore.

BiMkubwa_Muscat
Kijana wa Pune, na huyo Guntur wako mwenye kuzunguka hekalu mara mia na nane aliishia wapi? Umetuacha hewani.

Pilipili_ya_Pune
Hahaa Bi Mkubwa nilijua utauliza, na jibu lake linapita hukohuko kwako.

Guntur alienda Texas 2013. H-1B alikosa mara ya kwanza akapata 2016. Foleni ya grini kadi akaanza kupanga 2018, akanipigia akaniambia nimepiga hesabu, kwa spidi hii nitaipata nikiwa nimekufa, na hakuwa anatania, alikuwa na jedwali. Akaanza kujaza ya Canada.

2019 kwao wakamtafutia mke, msichana wa Kitelugu, familia inatoka wilaya ya jirani, kila kitu Andhra tupu. Ila baba yake alikuwa fundi umeme wa kampuni moja Muscat miaka 19, mkataba juu ya mkataba, mpaka alipozeeka akarudishwa kwao na saa ya ukutani kama zawadi. Binti alizaliwa Muscat. Na ile sheria aliyosema MtotoWaUpanga ina mlango wa pembeni, mume anaruhusiwa kutumia nchi aliyozaliwa mke.

Guntur anasema alikuja kugundua wameshaoana, mimi siamini hata kidogo, yule mtu alikuwa anaandika bajeti ya sabuni.

Kazi ikawa cheti. Cheti cha kuzaliwa cha Oman jina la baba limeandikwa Kiarabu tofauti na pasipoti, mzee wa watu miaka 60 na kitu akarudi Muscat kwa viza ya matembezi, mji uleule aliofanya kazi miaka 19, akazunguka ofisi wiki mbili na faili la plastiki mpaka wakarekebisha na kugonga mihuri. 2021 kadi zikatoka. Alinitumia picha ya zote mbili zimewekwa juu ya meza, pembeni kuna kopo la Horlicks. Sehemu ya nchi ya kuzaliwa ya kwake imeandikwa India, ya mkewe Oman.

BiMkubwa_Muscat
Angeniambia mie ningemfatia hicho cheti siku tatu, ofisi yao naijua. Na Chilkur alirudi kuzunguka tena?

Pilipili_ya_Pune
Alirudi Bi Mkubwa. Safari hii alimpeleka baba mkwe, kikaratasi akashika mzee.